Nilikwenda Eldoret kuchukua kijibwa, nikarudi mikono mitupu

Siku mbili kabla sijasafiri kwenda Eldoret, mpwa wangu aliyeko Mombasa alinipigia simu. "Shikamoo mjomba," akaanza kwa sauti ya upole, nami nikatambua papo hapo kwamba pana jambo, kwani kijana huyu hukumbuka kuniamkia pale tu anapokuwa na haja.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Alikuwa ameona katika simu yake picha za vijibwa vya rangi ya asali, vya jamii ya ritriva, vilivyozaliwa katika mtaa wa West Indies, Eldoret. Ameshazungumza na mwenyewe. Fedha anazo. Kilichobaki ni mtu wa kumchukulia kimoja na kupanda nacho basi hadi Mombasa. "Mjomba, nawe unakwenda huko huko. Nifanyie hisani."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi ni mtu wa kanzu na kofia. Mbwa nitampakata vipi?"

Akacheka. "Utamtia kikapuni, mjomba. Hata hutamgusa."

Msomaji mpendwa, najua baadhi yenu mmeshaanza kukunja uso. Kwetu sisi watu wa pwani mbwa si mnyama wa kupakata. Tumelelewa tukiambiwa tujihadhari naye, na tusi letu kubwa ni kumwita mtu mbwa. Lakini ukweli hauna budi kusemwa: mbwa wamo majumbani mwetu. Pita Nyali, pita Kizingo, pita Tudor baada ya sala ya Isha, utawasikia wakibweka nyuma ya malango, na baadhi ya malango hayo ni ya Waislamu. Kwa kuwa wamo, haitoshi tena kuulizana kama tunawapenda au hatuwapendi. La kuulizana ni kama tunazijua haki zao juu yetu.

NYUMA YA UA WA MICHONGOMA

Eldoret ni mji wa baridi, uliojengwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Posta ya mwanzo ilifunguliwa hapo mwaka 1910 katika shamba lililopewa nambari 64, na hadi leo wazee wa huko huuita mji wao Sisibo, yaani hiyo sitini na nne ya Kiingereza iliyolainishwa na ulimi wa wenyeji. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwezi Agosti mwaka 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji.

Mgeni alisikiapo jina la mtaa wa West Indies hudhani atakuta minazi na mawimbi ya visiwa vya Karibi. Mimi nilikuta miti mirefu, nyua za michongoma, na baridi ya asubuhi iliyonifanya nivae koti juu ya kanzu. Mwenyeji wangu ni mama wa makamo, mwalimu mstaafu, ambaye aliniomba nisitaje jina lake gazetini. Basi nami nitamwita Mwalimu, kama wanavyomwita jirani zake.

Kabla sijafika langoni nilimsikia akiamrisha mbwa wafungiwe. Kisha akatoka kunilaki, akanionyesha bomba la maji na debe dogo kando yake.

"Karibu sana ndugu yangu. Hapo pana maji, na katika debe pana udongo safi. Nilipohamia hapa jirani yangu wa kwanza alikuwa mama wa Kinubi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni wa dini yenu akipatwa na ute wa mbwa ana kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Tangu siku hiyo debe hili halikosi udongo."

Nikaona haya kidogo. Nilikuwa nimekuja nikijiandaa kuwastahamilia wenye mbwa, kumbe wao ndio waliojiandaa kunistahi mimi.

MBWA WA KUREJESHA

Tulipoketi na chai ya maziwa, Mwalimu aliniuliza kama najua maana ya ritriva. Nikasema sijui. Akanieleza kwamba ni mbwa wa kurejesha. Kazi yake ya asili ni kufuata ndege aliyepigwa risasi na mwindaji, kumwokota majini au katika manyasi, na kumrudisha mkononi mwa bwana wake bila kumchana. Mdomo wake ni laini mno, hata aliyefunzwa vizuri huweza kubeba yai lisipasuke.

Wako wa namna kadhaa, ila wanaojulikana zaidi ni wawili. Wa kwanza ni Labrador, ambaye asili yake ni mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada. Mbwa hao waliwasaidia wavuvi kuvuta kamba na kuokota samaki waliochomoka kwenye ndoana. Waliletwa Uingereza katika karne ya 19, na chama cha mbwa cha nchi hiyo kikawatambua rasmi mwaka 1903. Wa pili ni huyu wa rangi ya dhahabu. Mwaka 1868 huko Guisachan, milima ya Scotland, bwana mmoja mkubwa aitwaye Lord Tweedmouth alimpandisha dume wake wa rangi ya manjano, Nous, kwa jike wa jamii ya mbwa wa majini, Belle. Wakazaliwa vijibwa vinne vya manjano, na hao ndio shina la ukoo wote. Tunayajua haya kwa sababu Lord Tweedmouth alikuwa akiandika kila uzao katika daftari kwa mkono wake.

Nilipomsikia akitaja daftari la nasaba nilikumbuka kwamba jambo hilo si geni kwa ndugu zetu Waarabu. Wao wamehifadhi nasaba za farasi kwa karne nyingi, na mbwa wao mwembamba wa kuwindia, saluki, walimtenga na mbwa wengine, wakamlaza hemani na kumfunika asipatwe na baridi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya 9, aliweka katika kitabu chake kikubwa cha wanyama mjadala mrefu wa mbwa na jogoo. Ibn al-Marzuban wa Baghdad naye, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima cha kuonyesha kwamba mbwa wana fadhila kuwashinda wengi miongoni mwa wavaao nguo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kumjua mbwa ni uzungu.

"Lakini sikiliza," Mwalimu akaendelea. "Mtu akinijia akaniambia anataka ritriva wa kulinda nyumba, namwambia amekosea mlango. Huyu ameumbwa kupenda watu. Mwizi akiingia, atamletea viatu vyake."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mpwa wangu alikuwa ameniambia kwamba mbwa huyo atamlindia nyumba.

KABLA HAWAJAPANDISHWA

Mwalimu ana majike wawili. Mmoja anaitwa Asali, naye ndiye mama wa vijibwa nilivyotumwa. Wa pili ni mzuri kumshinda Asali: kichwa kipana, manyoya ya kumeremeta, mwendo wa madaha. Watu wengi wamemwomba Mwalimu ampandishe, wakaahidi kununua vijibwa kabla havijazaliwa. Amekataa, na hatampandisha maisha.

Sababu ni nyonga. Mbwa wa jamii hii wana ugonjwa wa kurithi ambao kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake. Kijibwa huzaliwa na kucheza kama wenzake, kisha akikua nyonga husagika, huvimba, na mbwa hushindwa hata kuinuka. Jicho haliwezi kuutambua ugonjwa huu mapema; hutambuliwa kwa picha ya eksirei akishatimiza mwaka, na Marekani cheti cha mwisho hakitolewi mpaka atimize miezi 24. Viwiko navyo hupigwa picha, na macho hukaguliwa, kwa kuwa upo upofu unaorithiwa. Jike yule mzuri alipopigwa picha, nyonga zake zilikuwa mbovu.

"Nilirudi nyumbani nikalia," Mwalimu aliniambia. "Nilishahesabu zile fedha. Lakini nikajiuliza, mtoto wa mtu atapewa kijibwa, atakipenda, na baada ya miaka miwili ataambiwa mbwa wako ni kiwete. Nani atakuwa amemfanyia hivyo? Ni mimi."

Hapo nilijifunza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Hati ya nasaba, kama ile itolewayo na chama cha mbwa cha Afrika Mashariki kilichoko Nairobi, humwambia mnunuzi baba ni nani na mama ni nani, na babu na bibi pia. Ni kitu cha maana, kwani humwezesha kuona kama ndugu wamepandishwa wao kwa wao. Lakini hati haisemi kama nyonga ni nzima. Kwa hilo huna budi kuomba kuonyeshwa picha za wazazi na maneno ya daktari wa mifugo. Mfugaji mwaminifu atakutolea bila kuudhika. Asiye mwaminifu atakuonyesha manyoya.

Na mama naye ana haki zake. Jike huanza kuingia joto mara nyingi akiwa na miezi sita hadi mwaka mmoja, lakini hapo bado ni mtoto. Mwalimu husubiri atimize miaka miwili, na baada ya uzao mmoja humpumzisha. Uingereza, chama cha mbwa kimekataa tangu mwaka 2012 kuandikisha zaidi ya uzao wanne wa jike mmoja. Kwetu wako wanaomzalisha jike kila anapoingia joto, mpaka matiti yanaburura chini, kisha humfungulia lango akajitafutie. Mtu wa namna hiyo si mfugaji. Ni mwenye mashine.

WIKI NANE

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Asali alizaa usiku, na Mwalimu alikesha naye, saa iko ukutani na daftari mkononi. Vijibwa vilitoka vinane. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii, wala hawezi kujitia joto mwilini mwake. Katika baridi ya Eldoret, kijibwa kilichosogea mbali na mama usiku mmoja tu kinaweza kukutwa asubuhi kimekufa. Ndiyo maana hujengewa sanduku lenye kingo, na chumba kikatiwa joto la digrii kama 30 katika wiki ya kwanza. Kila asubuhi vilipimwa uzito kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka uzito husaidiwa siku hiyo hiyo, hangojwi kesho.

Macho hufumbuka baina ya siku ya 10 na ya 14, na masikio baadaye kidogo. Wiki ya pili hupewa dawa ya minyoo, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili. Wiki ya nne huanza kulikizwa kwa uji mwepesi wa chakula chao. Baina ya wiki ya 6 na ya 8 hupigwa chanjo ya kwanza, ambayo lazima irudiwe mpaka afikie wiki 16, kwa sababu ya ugonjwa wa kuharisha damu uitwao parvo. Ugonjwa huo ulizuka duniani miaka ya 1970 mwishoni, na vijidudu vyake hukaa udongoni miezi mingi, vikingoja mtoto wa mbwa asiyechanjwa.

Lakini Mwalimu anasema chanjo na dawa ni kazi nyepesi, kwani mwenye fedha huzipata. Kazi nzito ni malezi. Tangu wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili au zaidi kidogo, akili ya kijibwa iko wazi kama daftari jipya. Atakachokizoea wakati huo hatakiogopa maishani. Kwa hiyo husikilizishwa redio, sufuria zikianguka, pikipiki zikipita, na mvua ya mawe juu ya mabati, ambayo Eldoret haiadimiki. Watoto wa jirani hualikwa kuketi nao chini, mmoja mmoja, chini ya macho ya mtu mzima.

Na katika wiki ya tano hadi ya nane vijibwa hufundishana wenyewe. Mmoja akimuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Hivyo kila mmoja hujifunza kiasi cha kubana meno yake. Kijibwa kinachotolewa kwa mama kikiwa na wiki tano hukosa somo hilo, na atakayekuja kulipa ni mtoto wa mnunuzi, kwa kidole chake.

"Basi nikisikia mtu anauza vijibwa barabarani vya wiki tano," alisema Mwalimu, "najua anauza chakula alichokwepa kununua. Kijibwa huanza kula sana wiki ya tano. Mwenye tamaa huona bora kile kwa mwingine."

BAHARI

Tulipokuwa tukizunguka uani niliona, kando na wengine, dume mmoja mkubwa wa rangi ya dhahabu amelala chini ya mti. Hakuinuka. Shingoni manyoya yalikuwa yameliwa, ikabaki ngozi tupu mfano wa pete.

"Huyo ni Bahari," Mwalimu akasema. "Amezaliwa hapa. Nilimtoa akiwa na wiki nane akaenda Mombasa kwa watu wa heshima. Walimpenda sana. Alirudi akiwa na miezi kumi na minne."

Nikamwuliza kilichotokea. Hakutaka kuwataja wala kuwalaumu kwa ukali. Alisema watoto wa nyumba ile walimtaka mbwa wakati wa likizo. Likizo ikaisha, wakarudi shule. Kijibwa kikawa mbwa wa kilo zaidi ya 30, anayependa kumrukia kila aingiaye. Wazee wa nyumba walikuwa watu wa sala. Kila mmoja alipotia udhu, Bahari alikuja mbio kumsalimia kwa ulimi. Wakamfunga mnyororo juu ya sakafu ya saruji, jua la adhuhuri likimpata. Naye alipojaribu kusogea, walimmwagia ndoo ya maji ili asiwaguse.

"Tazama," Mwalimu akasema. Akafungua bomba kidogo tu, maji yakalia katika karai. Bahari aliinuka kwa taabu, miguu ya nyuma ikitetemeka, akaenda kujificha nyuma ya ghala.

Msomaji, mbwa huyu ni wa ukoo ulioumbiwa maji. Babu zake walijitupa katika bahari ya barafu kuwaokotea wavuvi samaki. Huyu anaukimbia mlio wa bomba. Nilisimama pale na kanzu yangu nyeupe, nikatazama lile debe la udongo, nikakosa la kusema.

DINI INASEMAJE?

Mimi si shekhe wala sitoi fatwa. Lakini yaliyo wazi kwa kila mwanachuoni na aliyesoma chuoni hayana haja ya kufichwa.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mbwa ni najisi nzito, na palipopatwa na ute wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Imamu Malik aliona tofauti, akasema mbwa mwenyewe ni tohara. Imepokewa kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Imepokewa pia kwamba mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba, na wanachuoni wengi wameongeza hapo ulinzi wa nyumba. Hata bei yake ina maneno: Shafi hawaruhusu kumuuza mbwa, Hanafi wanaruhusu. Anayetaka kununua amwulize shekhe wake kwanza, asiniulize mimi.

Lakini dini hiyo hiyo imetupa upande wa pili. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa katika Sura ya Kahf, amelala kizingitini pamoja na waja wema. Na nani asiyekijua kisa cha yule mtu aliyemkuta mbwa anatweta kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mola akamghufiria? Kisa hicho tumekisikia madrasani tukiwa watoto. Mtu yule hakuulizwa kama alikwenda kuosha mkono baadaye. Bila shaka aliosha. Najisi ina dawa yake, nayo ni maji na udongo. Dhuluma haioshwi kwa udongo.

Nikajiuliza: sisi tuliotumia maji kumfukuza mnyama, kisa kile tulikisikiliza kwa sikio gani?

Tena wako wanaomhitaji mbwa kwa haki. Vipofu wengi Ulaya na Marekani huongozwa na ritriva, na mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana kipofu wa Kiislamu kufika na mbwa wake, akatengewa mahali pake nje ya sehemu ya kusalia. Hapa kwetu, bandarini Mombasa, wako mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa ndani ya makontena. Mbwa mwenye kazi, mwenye mahali pake, na mwenye mtu anayejua wajibu wake hana ugomvi na mtu. Ugomvi huletwa na mbwa aliyechukuliwa kwa sababu picha yake ilipendeza.

MASWALI MANNE

Mwishoni nilimweleza Mwalimu kilichonileta. Alikwishajua. Akachukua daftari, akavaa miwani, akaniuliza maswali manne kama anayesahihisha mtihani.

La kwanza: mpwa wako anaishi wapi? Nikamwambia anaishi ghorofani, Tudor, ghorofa ya tatu. Akaandika. Akasema ghorofa peke yake si kizuizi, bora mbwa atembezwe kila siku. Lakini ritriva ana manyoya mazito ya matabaka mawili, na mbwa hupoa kwa kutweta, nako kutweta hakusaidii sana hewa inapojaa unyevu kama ya Mombasa. Huko atembezwe baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, apate kivuli na maji mchana kutwa, wala asinyolewe manyoya kwa kudhaniwa atapoa.

La pili: nani atakuwa nyumbani mchana? Nikasema mpwa wangu na mkewe wote huenda kazini, lakini mama yake, yaani dada yangu, anaishi nao.

La tatu: huyo mama anajua kwamba mbwa anakuja?

Nilifungua mdomo, nikaufumba. Dada yangu ni mtu wa uradi na sala za usiku. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba hakuambiwa.

Mwalimu hakungoja nijibu. Akaniuliza la nne: akishindwa, mbwa atakwenda wapi? "Kwangu," akajijibu mwenyewe. "Kila ninayemtoa hutoka na karatasi. Humo mnunuzi anaahidi kwamba hatamuuza, hatampa mwingine, hatampandisha kabla hajapimwa nyonga, na akishindwa kumtunza atamrudisha hapa, akiwa na umri wowote. Bahari aliponirudia sikuuliza fedha. Niliuliza tu amepitia njia gani, nimfuate. Mtu asiyeweza kumpokea mbwa wake akirudi hana haki ya kumzalisha."

Kisha akafunga daftari. "Ndugu yangu, sikunyimi kwa dharau. Mwambie kijana aje mwenyewe, na mkewe, na mama yake akiridhia. Wakae hapa siku nzima wamwone mbwa mkubwa, si kijibwa. Kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa karibu kilomita 800. Asiyeweza kuusafiri mara moja kumfuata mbwa, hataweza kuamka alfajiri miaka kumi na miwili kumtembeza."

Alinipa pia ushauri wa bure kwa msomaji, nami naufikisha. Anayetaka mlinzi asichukue ritriva. Anayemtaka mbwa tu, wa kazi yoyote, wako mbwa koko wengi wasio na mwenyewe, na vyama vya kuhurumia wanyama huwatunza na kuwatafutia makao. Na mbwa awe wa nasaba au koko, chanjo ya kichaa cha mbwa apigwe akitimiza miezi mitatu na irudiwe kama daktari atakavyoagiza, kwani takriban wagonjwa wote wa kichaa hicho huambukizwa na mbwa, na wengi ni watoto. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea, hapana dawa.

KUREJEA

Usiku ule nilimpigia mpwa wangu. Alidhani nimeshapanda basi na kikapu. Nilipomweleza alikasirika, akasema mama yule anajitia mwingi, kwani fedha ni fedha. Nikamwuliza swali la tatu. Akanyamaza muda mrefu.

"Mama angezoea tu, mjomba," akasema hatimaye.

"Na mbwa je? Naye angezoea?"

Hakujibu. Mpaka naandika haya hajanipigia tena, wala sijui kama amezungumza na mama yake. Vijibwa saba vya Asali vimekwishapata makwao. Mmoja bado yuko West Indies, na Mwalimu anasema hana haraka naye.

Asubuhi ya safari nilipita kumuaga. Bahari alikuwa chini ya mti ule ule, na karai lake la maji lilikuwa limekauka. Nililijaza polepole, nikilishika bomba lisilie. Alinitazama kwa mbali, hakuja. Nilipofika langoni niligeuka, nikamwona anakunywa.